Viti vya Watu Msimu wa Muziki wa Bure

Ninyi mnaoanza kazi hii ya kuketisha watu, nitaanza na kiti, kwa sababu makosa karibu yote huanzia hapo. Kabla hujamkalisha mtu, weka kiganja kwenye kona ya kiti ukandamize. Kikicheza, usikitupe; kipeleke ukutani, umpe mtu mwembamba. Mwenye kikohozi mweke karibu na mlango, lakini usimwambie ni kwa ajili ya kikohozi. Mwambie hapo kuna hewa nzuri. Maman mwenye mtoto wa kunyonya akae mwisho wa mstari, ili atoke bila kuruka magoti ya watu. Na wapenzi wawili waliokuja wakijifanya hawajuani, waache wakae mbali. Muziki ukianza kupoa, watasogeleana wenyewe.

Nimefanya kazi hiyo Bukavu mpaka magoti yakanikatalia. Vijana wa kartie, mtaa wetu, waliniita Papa Kiti, nami niliitika. Kuna watu wameitwa vibaya zaidi.

Lakini mwanzoni sikujua lolote. Nilijua kubeba tu. Baba alikufa nikiwa mwaka wa pili wa sekondari, na mama akamfuata kabla mahindi ya mwaka huo hayajakauka. Nikabaki na wadogo watatu, mkubwa wao akiwa Nsimire, msichana mwenye maneno mengi kuliko umri wake. Nikaacha shule. Nilibeba mizigo bandarini, nikauza mafuta ya taa, nikachimba misingi ya nyumba za watu wengine. Ndipo nikasikia kwamba jumba la sanaa la Nguba, musée kama watu walivyoliita, linatafuta mtu wa mikono kwa msimu mmoja.

Ilikuwa nyumba ya zamani ya mzungu mmoja wa mashamba, kwenye mteremko unaoshuka ziwani. Vyumba vya pembeni vilikuwa na barakoa kutoka Shabunda, vijiko vya pembe, ngoma na vikapu. Katikati kulikuwa na sali, ukumbi mkubwa wa mbao, mtupu. Direkta wa jumba alikuwa mtu wetu, aliyesoma mbali akarudi, mpole, mwenye koti la abakosti lililopigwa pasi mpaka linang'aa. Siku ile ya kwanza alinieleza mambo bila kuzunguka, akiniita citoyen, yaani raia, kama ilivyoamriwa miaka ile.

"Citoyen Bisimwa, wakubwa wa Région, mkoa wetu, wanataka sali hii iwe dépôt, ghala ya sementi. Nimewaomba msimu mmoja. Kila Jumapili alasiri tutapiga muziki wa klasiki, bure, mpaka kiangazi kiingie. Watu wa mji wakijaa, sali itabaki, nawe nitakuandika kazini. Wasipojaa, sementi itaingia."

"Na miye?"

"Wewe utatoka mlango uleule ambao sementi itaingilia."

Basi nilijua nilichokuwa nacho mikononi. Nyumbani kulikuwa na midomo mitatu, na wangu wa nne.

Jumapili ya kwanza walikuja masista, wazungu wachache wanaofundisha katika shule za mji, na mlevi mmoja aliyekuwa anakimbia mvua. Tangazo lilibandikwa sokoni na kwenye milango ya makanisa, likiwa na muhuri mkubwa wa Région na neno BURE kwa herufi nene. Direkta aliona muhuri ule ni heshima. Nilipopita sokoni Jumatatu, niliwauliza wauza ndizi kwa nini hawakuja.

"Bure? Na muhuri?" mmoja akacheka. "Weye mutoto, tutafika pale, mulango utafungwa, batatuimbisha na kutuchezesha mupaka jua litue. Miye miguu yangu ilishachezea chama ya kutosha."

Ninyi hamkuishi miaka ile ya chama kimoja. Ukisikia muziki wa bure wenye muhuri, ulijua ni wewe ndiwe utakayecheza.

Pale jumbani kulikuwa na mzee Mulonda, mtu wa Shabunda, aliyekuwa akitunza vitu vya mbao. Yeye ndiye aliyenifundisha kazi. Alinifundisha kwamba barakoa haifutwi kwa kitambaa chenye maji, hupigwa vumbi kwa manyoya ya kuku, kwa mpigo mmoja kuelekea chini. Alinifundisha kugonga mguu wa kiti kwa kucha: ukilia kavu ni mzima, ukilia kama mkate una wadudu ndani. Alikuwa na dharau moja tu maishani, nayo ilikuwa kwa misumari. "Musumari ni uvivu wa seremala," alisema kila alipoona kiti cha kisasa. Jumatatu ile alinikuta nimekaa kwenye ngazi, kichwa mikononi.

"Viti viko wapi?" akauliza.

"Viti gani, muzee? Tulikuwa na mabenchi ya masista. Wamekuja kuyachukua."

"Basi azima ku bantu. Pita nyumba kwa nyumba. Miye, kama kiti yangu ingekuwa mahali, ningeenda kuangalia nani anakaa juu yake."

Jambo lenyewe lilinichekesha, lakini sikuwa na jingine. Jumamosi nikatoka pamoja na wadogo zangu, tukapita nyuma ya jumba, kwenye nyumba za makarani, walimu na wachuuzi. Kila kiti nilichopewa nilikifunga chini kitambaa chembamba cha kitenge cha mwenyewe, kwa sababu si kila mtu anasoma, lakini hakuna maman asiyejua kitenge chake. Hiyo ni njia ya watu wetu, siyo yangu. Ukiazima viti vya kilio, yaani vya msiba, ndivyo unavyofanya.

Na hapo ndipo mambo yalipopotoka. Fikirini wenyewe. Kijana aliyevaa shati lake la pekee, uso umekunjika, anapita mlango kwa mlango siku ya Jumamosi akiazima viti. Hana kreti ya bia, kwa hiyo si harusi. Nyuma yake wadogo watatu wamebeba viti kichwani, hakuna anayecheka, maana nilikuwa nimewakataza wasicheze na mali ya watu. Maman Nabintu, aliyekuwa mkubwa wa kina mama wa upande ule, aliniuliza, "Iko wapi?" Nikajibu, "Ku musée, maman. Kesho, saa tisa." Akanishika bega. "Pole, mutoto yangu." Nikadhani ananipa pole kwa mzigo. Nikasema aksanti.

Kesho yake, saa nane na nusu, walikuja. Ilikuja kartie nzima. Wanaume waliingia kichwa wazi, kofia mkononi. Kina mama walikuwa wamefunga vitenge kiunoni, wakaweka mlangoni kuni, unga, maharagi na gunia la makala, makaa ya kupikia, kisha wakatandika mikeka na kukaa chini, wakawaachia wanaume viti. Mzee Mulonda aliangalia zile kuni, akaniangalia mimi, akaingia chumba cha barakoa akafunga mlango. Nilimsikia akicheka huko ndani kama mtu aliyekabwa na mfupa.

Halafu wapiga muziki wakatoka. Miaka ile tai ilikatazwa, kwa hiyo abbé, padre aliyepiga piano, na wenzake walivaa abakosti nyeusi zilizofungwa mpaka shingoni. Mbele yao alikaa Monsieur Yan, mzungu mwalimu wa hesabu, na ile fidla kubwa inayoshikwa kati ya magoti. Akainamisha kichwa. Akaanza polepole, chini kabisa, sauti kama ya mwanaume anayejizuia mbele ya watoto wake.

Kina mama wakalia.

Sisemi walilia kwa kelele. Kwanza mmoja alivuta pua. Mwingine akajifunika uso kwa kitenge. Baadaye mabega ya mkeka mzima yalikuwa yanatikisika. Wanaume waliangalia sakafu. Muziki ukaisha, na hapakuwa na kofi hata moja. Monsieur Yan alibaki na upinde wake hewani, jasho linamtoka. Wakapiga wimbo mwingine, na mwingine, na kila ulipoisha, kimya. Walipotoka uani kupumzika, alinijia.

"Bisimwa, hawapendi?"

"Wanapenda, monsieur. Wanalia."

"Lakini kwa nini wameleta makala?"

Kabla sijajibu, Maman Nabintu alikuwa ameshafika. Aliniita pembeni, kwa sauti ya chini ya mtu anayetaka kupanga mambo ya jikoni.

"Mutoto, tumelia, lakini hatujaona familia. Marehemu iko nani?"

Nilitafuta jinsi ya kuzunguka nikakosa. Kama ningewaambia ukweli, wangechukua viti vyao waende. Kama ningewadanganya, wangetaka kuona jeneza.

"Maman, hakuna mutu alikufa. Ni konseri. Muziki tu."

Akageuka kuangalia zile kuni mlangoni.

"Hakuna mutu?"

"Hakuna."

"Sasa ule muzungu analilia nani, na ile kintu yake?"

Nikamgeukia Monsieur Yan nikamtafsiria swali. Alijikuna shingo. Akasema hajui aliyeutunga alikuwa na nini moyoni. Yeye mwenyewe, anapofika katikati ya wimbo ule, humkumbuka kaka yake. Nikamrudishia maman maneno hayo jinsi yalivyokuwa.

"Alikufa, kaka yake?"

"Alikufa, maman."

"Unaona?" akasema, kana kwamba mimi ndiye niliyebisha. "Na miye nilikuwa namulilia dada yangu wa Katana. Sikufika ku kilio yake, barabara ilikatika." Akakaza kitenge. "Banaendelea saa ngapi?"

Alirudi ndani akawaambia wenzake. Nilimsikia. "Hakuna maiti! Kila mutu alie yake!" Kukawa na kicheko kikubwa, mwanaume mmoja akasema, "Basi turudishe maharagi," mkewe akampiga kwa kiwiko. Hakuna aliyeondoka. Direkta alitaka kukasirika juu ya zile kuni mlangoni, lakini alihesabu haraka vichwa vilivyomo ndani, akazihamishia jikoni kwa mikono yake mwenyewe.

Tangu siku ile msimu ulipata desturi zake. Wimbo wa haraka ukiisha, walipiga makofi na vigelegele mpaka vioo vinatetemeka. Wimbo wa polepole ukiisha, hakuna kofi. Kina mama waliguna tu, mmmh, kwa pamoja, na baadaye ndipo watu wanakohoa na kujinyoosha. Maman Nabintu alisema huwezi kumpigia makofi mtu anayekutoa machozi, ungekuwa unamcheka. Monsieur Yan aliniambia kwao angefurahia makofi, lakini ile mmmh ilimfanya apige vizuri zaidi, kwa sababu haiwezi kutolewa kwa adabu. Inatoka au haitoki.

Nilijifunza mengi Jumapili zile. Nilijifunza kwamba mvua ikianza kupiga bati, usimwache mpiga fidla ashindane nayo. Mwambie apumzike, ufungue milango yote, watu waangalie ziwa likigeuka rangi ya majivu, waongee habari za mashamba. Mvua ikipita watakuwa wametulia kuliko mwanzo. Nilijifunza kutomkalisha mtu kwenye kiti cha jirani aliyekosana naye. Siku moja nilimpa muuza samaki kiti cha mkwe wake. Alipoona kile kitambaa chini yake alisimama kama amekalia siafu, akasikiliza konseri nzima wima. Kwa hiyo mjue viti, lakini mjue pia nyumba zilikotoka.

Jumapili ya mwisho alikuja mkubwa wa Utamaduni kutoka Région, ili aone na aamue. Alikuwa mtu mnene wa heshima, na msaidizi wa kumbebea mkoba. Nilimpa kiti kizuri kuliko vyote, chenye mikono, cha Maman Nabintu mwenyewe. Maman alikaa kwenye mkeka, karibu kabisa na viatu vya mkubwa. Sali ilikuwa imejaa mpaka madirishani. Direkta alinipita akaninong'oneza, "Bisimwa, tumefaulu." Nami nilikwisha kumwambia Nsimire kwamba tutakuwa na mshahara wa kudumu, na kwamba hataacha shule kama mimi.

Wimbo wa mwisho ulikuwa ule wa polepole wa Monsieur Yan. Ulipoisha, watu wakakaa kimya kama kawaida yao. Mkubwa akainua mikono yake minene akapiga makofi. Peke yake. Pa, pa, pa.

Maman Nabintu akamgusa goti.

"Papa, ngojea kwanza. Bantu banalia."

Mikono ya mkubwa ikabaki hewani. "Wanalia nini, ndani ya nyumba ya Serikali?"

"Kila mutu na yake, papa. Weye pia, kama uko na yako, hatukukatazi."

Mtu mmoja nyuma alicheka, akajaribu kugeuza kicheko kuwa kikohozi. Kilikuwa kikohozi kibaya sana. Mkubwa akasimama, akatoka, msaidizi na mkoba nyuma yake. Uani tulisikia sote alichomwambia Direkta.

"Uliniambia utamaduni. Nimekuta kilio. Watu wakilia katika nyumba ya Serikali, kesho mtu ataniuliza Serikali imewafanya nini. Jumanne sementi inaingia. Toa hivi viti vya watu."

Direkta alirudi ndani, akakaa kwenye kiti cha karibu, akasema, "Warudishie, Bisimwa."

Hiyo ni kazi ambayo sikutaka kuifanya, lakini viti vya watu ni vya watu. Jumatatu nilimwita Nsimire na wadogo zetu, tukaanza kubeba. Nilianza na kiti chenye mikono. Maman Nabintu alikuwa anatwanga muhogo mlangoni. Alikiangalia kiti juu ya kichwa changu.

"Rudisha kule. Hapa hakuna nafasi."

"Maman, ni kiti yako. Sementi inaingia kesho."

"Nimesikia. Nyumba imejaa mahindi. Nitakuja kuichukua miye mwenyewe."

"Lini?"

"Nikipata nguvu."

Nyumba ya pili, karani mmoja aliniambia amepaka ukuta rangi, haujakauka. Ya tatu, mgonjwa amelala hapo ambapo kiti hukaa. Muuza samaki, yule aliyesimama konseri nzima, alisema anangoja kwanza apatane na mkwe wake. Nsimire akaanza kucheka njiani. "Kaka, kartie nzima ina mahindi leo." Jioni viti vyote vilikuwa vimerudi ndani ya sali. Mpaka leo hakuna aliyekubali mbele yangu kwamba walipanga pamoja.

Jumanne lori likaja, limejaa sementi. Dereva alikuwa mtu wa Kavumu, mchangamfu, mwenye mswaki wa mti mdomoni. Aliingia na karatasi yake, akatazama, akainamia kiti cha kwanza kukiondoa. Akaona kile kitambaa cha kitenge. Akainamia kingine, akaona kingine. Akasimama wima, mswaki ukatoka mdomoni.

"Viti vya kilio, hivi?"

Kwetu, viti vya kilio havitolewi nje na mgeni. Kila mwenye kiti hukiondoa mwenyewe, au hurudishiwa na yule aliyekiazima. Mtu wa kupita akivigusa, anavuta ule msiba aupeleke kwake. Unaweza kuamini, unaweza usiamini. Lakini ukiwa na mke na watoto Kavumu, huanzi kujaribu Jumanne asubuhi.

"Nani alikufa?" dereva akauliza.

Maman Nabintu alikuwa amekaa mkekani mlangoni, pamoja na kina mama wengine kadhaa. Sikuwaona wakija.

"Hatujajua bado, papa," akamjibu kwa upole. "Shusha sementi, labda tutajua."

Dereva alisoma karatasi yake tena, kana kwamba jibu lingekuwa limeandikwa humo. Akaniuliza mimi kama naweza kuvitoa, kwa kuwa ndimi niliyeviazima. Nikamwambia ukweli mtupu: nilivirudisha jana, wenyewe hawakupokea. Akamwangalia Direkta. Direkta aliinua mikono: yeye hana kiti hata kimoja mle ndani. Dereva akapanda lori. Tulisikia akibadili gia mpaka juu kwenye barabara ya lami.

Siku zile ilikuwa hivyo: jambo likishindwa kufanyika siku yake, linaweza kukaa. Sementi ilipata ghala jingine, mkubwa wa Utamaduni akapelekwa mkoa mwingine, na hakuna aliyetaka kutafuta karatasi ile. Lakini mchana ule hatukuyajua hayo bado. Kina mama walikunja mkeka wakaenda kupika. Nilibaki mimi na Direkta katikati ya viti, vya mikono, vya kamba, vya mianzi, kimoja cha mtoto.

"Sasa siwezi kukuacha uende," akasema. "Mtu lazima achunge mali hii. Nitakuandika leo: mlinzi wa viti."

"Na barakoa, citoyen? Ningependa kuchunga na barakoa pia. Muzee Mulonda anazeeka."

Direkta akatazama mlango wa chumba cha Shabunda, halafu mstari wa mbele, pale kilipokuwa kile chenye mikono.

"Barakoa zitangoja," akasema. "Barakoa, wenyewe wako mbali, hawajui njia ya kuja kunigongea mlango. Hivi viti, Maman Nabintu anakaa hapo nyuma."

Nikachukua manyoya ya kuku, nikaanza kupiga vumbi la Jumapili, kwa mpigo mmoja kuelekea chini, nikianza na kile cha mtoto.